Barua ya wazi: Fungueni lango la ajira kwa waliovuka miaka 55

Kwa:
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma,
Mstahiki Meya na Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma,
Viongozi wa Chama cha Waajiri Tanzania na wa chemba ya wafanyabiashara mkoani kwetu.

YAH: AJIRA KWA WATU WAZIMA, NA FAIDA TUNAYOIPOTEZA WENYE BIASHARA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Nina kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti hapa Kizota. Mbegu nanunua Kongwa, Chemba, Kondoa na Singida. Mafuta nauza sokoni Majengo, Sabasaba na kwa wenye maduka wa mitaani. Nawaandikia nikiwa mwajiri. Sikuja kuwaombea wazee huruma, kwa sababu wale ninaowazungumzia hawaiombi. Ninachosema ni kwamba mkoa huu umejaa watu wa miaka 55, 60 na 68 wenye ufundi uliochukua nusu ya maisha kuupata, na sisi waajiri tunawafungia lango kwa tarakimu moja iliyoandikwa kwenye tangazo la kazi. Hasara inaanzia kwetu. Ninyi mna uwezo wa kuisimamisha, tena kwa gharama ndogo.

Tazameni kwanza jiji lenyewe. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, watumishi wengi walifika hapa wakiwa na miaka 50 na ushei. Wamejenga Ilazo, Kisasa, Nkuhungu na Mkonze. Sasa wanastaafu, na wengi hawana mpango wa kurudi Dar es Salaam wala vijijini kwao. Nyumba iko hapa na wajukuu wanasoma hapa. Kwa hiyo katika mtaa mmoja unakuta mhasibu aliyefunga hesabu za idara nzima, afisa ugavi aliyeandaa zabuni za mamilioni, muuguzi wa wodi ya wazazi na fundi wa maji anayevijua visima vya Mzakwe kimoja kimoja. Wote wako nyumbani saa nne asubuhi.

Halafu wapo ambao hawakuwahi kuwa na barua ya ajira. Wapo waashi waliojifunza kazi kwenye miradi ya CDA, mamlaka iliyoundwa mwaka 1973 kuujenga mji huu na kuvunjwa mwaka 2017. Hao wanajua ni wapi Dodoma udongo huvimba wakati wa masika na kupasuka kiangazi, na msingi wa hapo uchimbwe vipi. Wanajua mitaa ambayo chumvi hupanda ukutani na kuibandua plasta kabla nyumba haijamaliza miaka michache. Kampuni changa za ujenzi zinayajifunza mambo hayo kwa nyufa, kwa kesi za wateja na kwa kurudia kazi, ilhali anayeyajua anakaa mtaa wa pili.

Sasa someni matangazo yetu ya kazi. "Umri usizidi miaka 35." "Awe kijana mchangamfu." Hata mtunza stoo, hata mtu wa mapokezi, hata mtunza vitabu.

Sheria yetu imelisemea jambo hili. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu zilizotajwa bayana: kabila, dini, jinsi, ujauzito, ulemavu na nyinginezo. Umri umo katika orodha hiyo. Kifungu hicho hicho kinamhesabu mwombaji wa kazi pamoja na mwajiriwa, kwa hiyo ulinzi unaanzia kwenye tangazo lenyewe. Kinachoruhusiwa ni sharti linalotokana na asili ya kazi. Nikitaka mtu wa kupakia magunia kwenye lori, nina haki ya kudai nguvu. Lakini mtunza vitabu asizidi miaka 35 kwa asili ya kazi gani?

Najua matangazo ya ajira za Serikali hutaja miaka 45 kuwa ukomo kwa waombaji wapya. Pale naiona hesabu inayoeleweka: mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na ili apate pensheni ya kila mwezi anatakiwa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Anayeanza na miaka 45 anaifikisha, anayeanza na 50 haifikishi. Sisi wa sekta binafsi tumeiokota tarakimu hiyo, tukaishusha mpaka 35, wengine mpaka 30, tukaibandika kila mahali bila hesabu yoyote nyuma yake. Mstaafu ambaye tayari anapokea pensheni hana miezi ya kukimbizana nayo. Anachotaka ni kazi ya siku tatu kwa wiki na ujira unaolingana na kazi hiyo.

Serikali yenyewe imekwisha kukubali kwamba ziko kazi ambazo miaka huziongezea thamani. Maprofesa na madaktari bingwa waliongezewa umri wa kustaafu kwa lazima hadi miaka 65. Majaji wa Mahakama ya Rufani nao hufika 65. Sababu ni moja: mtu kama huyo hapatikani kwa mafunzo ya mwaka mmoja. Naomba mkubali kwamba hata kwenye karakana, kwenye mizani na kwenye shamba la zabibu wapo watu wa namna hiyo.

Niwaeleze ninachokiona kiwandani kwangu, maana hapo ndipo nilipo na ushahidi.

Mashine ya kukamua alizeti ina tabia zake. Mbegu ya mwanzo wa msimu, inayoingia mwezi wa tano au wa sita ikiwa bado na unyevu, haikamuliwi kama mbegu ya mwezi wa kumi iliyokauka ghalani. Ukikaza kupita kiasi mashine inapata joto, mafuta yanakuwa meusi na kunuka moshi. Ukilegeza, mafuta yanabaki ndani ya mashudu, na wewe unamuuzia mfugaji mashudu pamoja na faida yako yote. Fundi wangu wa mashine ni mzee aliyevuka miaka 60. Anachota mashudu yanapotoka, anayabana kiganjani, anayaachia, anatazama kama yameshikana au yanamomonyoka, kisha anaigeuza nati kidogo tu. Vijana niliokuwa nao kabla yake walikuwa na bidii na nguvu, sina ubaya wa kuwasema, lakini mashine waliitazama ilipokwisha kusimama. Yeye husikia beringi inayoanza kuchoka siku kadhaa kabla haijakatika. Beringi ikibadilishwa Jumamosi mchana, gharama ni ya beringi tu. Ikikatika katikati ya msimu, magunia yamejaa uani na wakulima wanasubiri fedha zao, unalipia shafti, unalipia mkanda, unalipa vibarua waliokaa bila kazi, na mteja wako wa jumla anakwenda kwa jirani na harudi tena.

Faida ya mtu kama huyu ni ngumu kuonyesha kwenye vitabu, kwa sababu hasara iliyozuiwa haiandikwi popote. Nadhani ndiyo maana waajiri wengi hawaioni. Wanaona mshahara wa mzee, hawaioni shafti ambayo haikununuliwa.

Kwenye mizani nimemweka mama mmoja, mwalimu mstaafu. Anazungumza Kigogo na Kirangi, na Kinyaturu cha kutosha kuelewana na wakulima wa Singida. Mkulima anayeshusha magunia yake kutoka Kondoa amekwisha kupunjwa kwenye mizani za watu, na anafika kwangu akiwa na wasiwasi. Anapoamkiwa kwa lugha yake na mtu wa rika lake, akaonyeshwa mshale umekaa kwenye sifuri kabla gunia halijapanda, akasomewa uzito kwa sauti na kupewa karatasi yake, wasiwasi ule unaisha. Msimu unaofuata anarudi na jirani zake. Ushindani wa mbegu siku hizi ni mkali, wapo madalali na viwanda vikubwa, na kwa bei siwezi kuwashinda. Ninachowashindia ni mizani.

Mama huyu ana faida nyingine ambayo sikuitegemea nilipomchukua. Palikuwa hapaishi mwezi bila ugomvi kati ya vibarua, mara zamu, mara posho ya chakula, mara maneno tu. Sasa ugomvi mwingi unaisha kabla haujanifikia. Vijana wanamwamkia asubuhi, na mtu uliyemwamkia shikamoo asubuhi ni vigumu kumpandishia sauti mchana. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Mimi nasema pia kwamba penye wazee kazi haisimami.

Hesabu zangu anazishika mstaafu wa halmashauri, siku mbili kwa wiki. Mtu wa kiwango chake nisingeweza kumlipa kwa mwezi mzima. Kwa siku mbili nina mtu aliyekaa mezani na wakaguzi kwa miaka mingi. Ritani za kodi zinakwenda kwa wakati, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi inalipwa kabla ya adhabu, na binti mwenye diploma anayefanya kazi chini yake anajifunza yale ambayo darasani hayakai vizuri: namna ya kumjibu mkaguzi, namna ya kuitambua hati ya malipo iliyochezewa, namna ya kumwambia bosi kwamba hili haliwezekani. Ameniambia mimi pia, na ameniokolea fedha.

Wenzangu wa zabibu wa Hombolo, Mpunguzi na Bihawana wanalijua jambo hili kuliko mimi. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno yanaanzia kwenye kupogoa. Ukikata mahali pasipofaa, tawi linachipua majani matupu bila vishada, na msimu umekwenda. Mikono inayojua pa kukata ni ya watu ambao wengi wao wana wajukuu. Siku watakapoacha, shamba litabaki na mkasi tu.

Waheshimiwa, msiniamini mimi peke yangu. Mwaka 1989 kampuni ya Uingereza iitwayo B&Q, inayouza vifaa vya ujenzi na ukarabati wa nyumba, ilifungua duka katika mji wa Macclesfield na kuajiri humo watu waliovuka miaka 50 peke yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick walipolilinganisha duka hilo na maduka mengine ya kampuni hiyo hiyo, walikuta faida yake ni kubwa zaidi kwa asilimia 18, utoro kazini ni mdogo kwa asilimia 39, na upotevu wa bidhaa ni mdogo kwa asilimia 58. Wanaoacha kazi nao walikuwa wachache sana, pungufu karibu mara sita. Kila mwenye duka Dodoma anajua upotevu wa stoo unavyouma. Asilimia 58 si jambo la kupita nalo haraka.

Ujerumani nako, mwaka 2007, kiwanda cha BMW cha Dingolfing kiliunda kwa makusudi mstari mmoja wa uzalishaji wenye wafanyakazi wa wastani wa miaka 47, umri ambao kampuni ilikadiria wafanyakazi wake wangekuwa nao ifikapo 2017. Wakawauliza wenyewe nini kinawaumiza. Yakafanyika mabadiliko madogo 70: sakafu ya mbao badala ya saruji, viti, lenzi za kukuzia maandishi, kubadilishana kazi ndani ya zamu. Gharama yake yote ilikuwa kama euro 40,000, na tija ya mstari huo ikapanda kwa asilimia 7 ndani ya mwaka mmoja. Katika nchi hiyo hiyo watafiti walifuatilia makosa ya wafanyakazi wa kiwanda cha malori cha Mercedes-Benz. Wenye umri mkubwa walikuwa na makosa madogo mengi kidogo kuliko vijana, lakini makosa mazito, yale yanayogharimu, walikuwa karibu hawayafanyi. Niliposoma hivyo nilimkumbuka mzee wangu na nati yake.

Macclesfield si Dodoma, na kiwanda changu hakina mstari wa BMW. Lakini funzo la sakafu ya mbao halihitaji euro. Mimi nimeweka benchi kando ya mashine, taa yenye mwanga wa kutosha juu ya daftari la mizani, na toroli ili mtu yeyote, kijana kwa mzee, asibebe gunia mgongoni kwa umbali mrefu. Benchi na toroli vimewafaa vijana vile vile. Migongo inayougua ikifika miaka 50 iliharibiwa ikiwa na miaka 25.

Sasa lipo swali mtakaloulizwa mara moja, na ni swali la haki: vijana je? Mkoa huu una Chuo Kikuu cha Dodoma tangu mwaka 2007, una Chuo Kikuu cha St. John's, una Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), una Chuo cha Mipango, una VETA ya mafunzo ya ufundi stadi. Kila mwaka wanatoka wahitimu, na wengi wanazunguka na bahasha. Mama aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome ana haki ya kuuliza kwa nini nimemchukua mzee mwenye pensheni nikamwacha kijana wake.

Jibu langu ni hili. Katika biashara ndogo, idadi ya vijana unaoweza kuwaajiri inategemea idadi ya watu wanaoweza kuwasimamia. Kwa muda mrefu kilichonizuia kuanzisha zamu ya pili msimu wa mavuno hakikuwa fedha za mishahara. Mbegu zilikuwapo, soko lilikuwapo, lakini zamu ya pili ingemkosa mtu wa kuishika mashine. Alipokuja yule mzee, kijana wa kwanza alikaa naye msimu mzima, akawa fundi wa zamu ya pili, na zamu ya pili ikahitaji vijana wengine wa kujaza, kuchuja, kushona magunia na kupakia. Mzee mmoja amewafungulia mlango vijana kadhaa. Hakukaa kwenye kiti cha yeyote kati yao, kwa sababu kiti chenyewe hakikuwapo kabla yake.

Ninyi wenyewe mnaugharamia mpango wa mafunzo ya uanagenzi, ambapo kijana anajifunza sehemu chuoni na sehemu kazini. Uanagenzi hauna maana bila mwalimu wa kazi. Na mwalimu huyo, kwa kawaida ya dunia, ni mtu mzima. Tukimtoa mzee karakanani mwaka ule ule tunaomwingiza kijana, tumemwingiza kijana kwenye karakana tupu.

Sitaki pia nionekane nasema kila mwenye mvi anafaa. Wapo wanaokuja na ukubwa wa cheo walichostaafu nacho na hawataki kuelekezwa na msichana wa miaka 28. Wapo wasiotaka kuigusa kompyuta wala kuelewa kwamba zabuni za umma siku hizi zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Huyo namjaribu kama ninavyomjaribu mwingine yeyote, na akishindwa tunaagana kwa heshima. Ninachodai ni ajaribiwe. Macho hupungua nguvu, zamu ya usiku huwa nzito, na kliniki ya presha ina siku zake, hayo hupangwa. Kijana naye ana harusi, ana mitihani, ana kazi nzuri zaidi anayoisubiri Dar es Salaam, na siku ikipatikana anaondoka bila hata kukabidhi funguo.

Liko jambo moja ambalo linaniuma kuliko yote, na naomba maofisa kazi walifuatilie. Wapo waajiri wanaowachukua wazee kwa sababu ya bei. Mlinzi wa miaka 66 anakesha usiku kucha, anapewa kinachoitwa fedha ya sabuni, hana mkataba, hachangiwi popote, akianguka getini anarudishwa kwa watoto wake. Huko ni kumnyonya mtu aliyekwisha kuchoka, na kunaharibu soko kwa waajiri wanaolipa kihalali. Kima cha chini cha mshahara hakina ukomo wa umri. Mkataba nao hauna ukomo wa umri. Na mzee asiyeweza tena au asiyetaka kufanya kazi, apumzike, apate pensheni yake kwa wakati na matibabu yake bila kuzungushwa. Nazungumzia wanaotaka na wanaoweza.

Nikiwa kwenye fedha, niseme la mafao pia. Wastaafu wengi wakishika mkupuo wao wanauingiza wote kwenye biashara ambayo hawajawahi kuifanya: banda la kuku, basi dogo, duka la vifaa. Baada ya muda mfupi fedha hazipo. Mtu aliyefanya kazi ya hesabu maisha yake yote hana sababu ya kwenda kujifunza ufugaji wa kuku kwa fedha za uzeeni. Siku mbili tatu za kazi anayoijua zingemwingizia kipato kila mwezi, na mafao yake yangepata muda wa kutulia. PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma ambao makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma, huendesha semina kwa watumishi wanaokaribia kustaafu. Naomba waajiri wa mkoa tualikwe kwenye semina hizo, tukae meza moja, tuseme tunahitaji watu gani. Mimi nitakuja.

Mheshimiwa Waziri, kwako ninaomba mambo mawili. La kwanza, toa mwongozo kwa Kiswahili chepesi, kurasa chache tu, unaomweleza mwajiri mdogo namna halali ya kumwajiri mtu aliyekwisha kustaafu: mkataba wa siku chache kwa wiki uandikweje, michango ipi inalipwa na ipi hailipwi, pensheni yake inaguswa au haiguswi. Waajiri wengi wanaogopa kwa sababu hawajui, na mwenye hofu humwambia mzee "tutakupigia". La pili, maofisa kazi wasome matangazo. Tangazo lenye ukomo wa umri usio na sababu lirudishwe kwa mwenyewe kwa barua ya kumkumbusha kifungu cha 7. Barua za kwanza chache zingetosha kuwaamsha wengine.

Kwenye Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, ambayo waajiri tunailipa, ninaomba sehemu yake imlipe mwalimu wa kazi. Leo kijana wa uanagenzi anagharamiwa, na hilo ni jema. Fundi mzee anayemfundisha anategemea moyo wake na uwezo wa karakana iliyompokea. VETA wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi na kumpa mtu cheti. Mwashi wa miaka 62 aliyejenga nusu ya Area C angepimwa kwa utaratibu huo, akapewa cheti chake, kisha akatambuliwa kuwa mkufunzi wa kazi mwenye malipo. Sidhani kama kuna fedha ya tozo itakayozaa haraka zaidi ya hiyo.

Mkurugenzi wa Jiji, Sheria ya Ununuzi wa Umma imetenga asilimia 30 ya manunuzi ya taasisi za umma kwa makundi maalumu, na wazee wametajwa humo pamoja na vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni vikundi vingapi vya wazee vya jiji hili vimesajiliwa na vinashindana? Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa upande wake, imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu; mzee mwanamume mwenye karakana yake hana fungu. Kwenye zabuni anahesabiwa, kwenye mtaji hahesabiwi. Wabunge wanakutana hapa mjini kwetu, wanaweza kulitazama hilo. Kabla ya hapo, maofisa maendeleo ya jamii wa kata wanaweza kuanza kuvisajili vikundi hivyo kwenye NeST, kwa kuwa haki hiyo ipo tayari.

Na viongozi wa waajiri, ninyi wenzangu, sihitaji kuwaomba muwapende wazee. Fungueni daftari la matengenezo la miaka mitatu iliyopita, fungueni la upotevu wa stoo, hesabuni walioacha kazi kabla ya kumaliza mwaka. Jumlisheni. Halafu futeni mstari wa umri kwenye tangazo linalofuata, muone nani atakuja.

Mkuu wa Mkoa, maonesho ya Nane Nane ya kanda yetu hufanyika Nzuguni kila mwezi wa nane, na wafanyabiashara, wakulima na vyuo tunakuwa pale sote. Naomba litengwe banda moja ambapo mstaafu au fundi mzee ataandikisha ujuzi wake, siku anazoweza kufanya kazi na mtaa anaokaa, na orodha hiyo ikabidhiwe kwa waajiri wa mkoa kwa ridhaa ya wenyewe. Meza, viti na watu wawili wa kuandika nitavileta mimi.

Wenu katika kazi,

Mwenye kiwanda cha kukamua alizeti,
Kizota, Dodoma